Helikopta ya Vyuma Chakavu

Wewe wa Nyasho unayefunga duka, wewe wa Mwigobero unayeanua dagaa kabla umande haujashuka, dereva uliyepaki stendi ya Bunda ukisubiri abiria wa mwisho, na ninyi wa Kiabakari na Butiama mnaosubiri chakula cha jioni: sogezeni redio karibu. Leo ni habari ya filamu, na ya watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao.

Tuanze na swali. Mara ya mwisho ulipoona kazi nzuri ya sanaa iliyofanywa na mtu wa hapahapa kwetu, ulifanya nini? Labda ni mtumbwi uliochorwa maua na maneno ubavuni. Labda ni mzee aliyepiga litungu kwenye harusi hadi watu wakasahau pilau. Wengi husema, "Huyu jamaa noma!" Hutoa simu, hupiga picha, kisha huyo, safari. Ukimuuliza mtu kesho yake, "Yule mpigaji anaitwa nani?", atakuna kichwa. Ukimuuliza, "Alilipwa?", atakuna tena.

Mazungumzo ya leo yako hapo. Msanii tunamshangilia. Je, tunamthamini? Kumshangilia ni kazi ya dakika moja. Kumthamini kuna mambo matatu, na yatarudiwarudiwa jioni hii ili yakae: kulitaja jina lake, kumlipa, na kuihifadhi kazi yake. Jina, malipo, hifadhi. Lakini kabla ya yote matatu, ni lazima mtu aitazame kazi yenyewe na kuona ilivyofanyika.

Kwa mfano, tuvuke ziwa.

Ng'ambo ya maji haya tunayoyaita Nyanza, upande wa Uganda, katika jiji la Kampala, kuna mtaa wa watu wa kipato cha chini unaoitwa Wakaliga. Hapo anaishi Isaac Nabwana. Alikuwa mfyatua matofali. Utoto wake ulikuwa wakati wa Idi Amin, na ukumbi wa sinema hakuwahi kuingia. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyekuwa akienda, kisha anarudi nyumbani na kumsimulia: hapa mtu karuka, hapa gari limelipuka, hapa bunduki zimelia. Mtoto akawa anaitengeneza filamu nzima kichwani kutokana na maneno ya ndugu yake.

Alipokuwa mtu mzima alijifunza ufundi wa kompyuta kwa muda mfupi tu, kisha akajifundisha mwenyewe kuhariri picha. Kompyuta zake aliziunga kutokana na vipande vya mashine kuukuu. Mwaka 2005 akaanzisha kampuni, Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Watu wakaja kuupachika mtaa jina la Wakaliwood. Na mwaka 2010 ikatoka filamu iliyowafikisha mbali: Who Killed Captain Alex?, yaani nani aliyemuua Kapteni Alex.

Filamu hiyo inasemekana haikugharimu hata dola 200. Gharama za harusi moja ya kawaida pale Bunda zingetengeneza kadhaa. Sasa jiulize, msikilizaji: filamu ya vita, yenye makomando, majambazi, mapigano ya kung-fu na helikopta inayolipua jiji, inatengenezwaje kwa fedha kama hizo?

Inatengenezwa na fundi. Bunduki zile kubwa anaziunda Dauda Bisaso, mwigizaji ambaye pia ni fundi wa vyuma. Anaokota mabomba na vyuma chakavu, anachomelea, anapaka rangi, na kamera ikiwa mbali kidogo unaona mtutu wa kivita. Stendi ya kamera ilitokana na jeki ya gari. Kitambaa cha kijani, kile ambacho studio kubwa hukitumia ili baadaye waweke picha nyingine nyuma ya mwigizaji, wao walinunua sokoni wakakitundika ukutani. Na damu? Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Damu hiyo waliijaza kwenye kondomu, wakaificha ndani ya shati na kuifunga kwa mshipi, huuhuu wa kuvulia samaki. Mwigizaji akipigwa risasi, mtu pembeni anavuta mshipi, kondomu inapasuka, shati linalowa. Mvuvi wa Makoko angeielewa hila hiyo kabla hajamaliziwa maelezo.

Halafu ile helikopta. Walikuja kuunda moja ya vyuma chakavu, kubwa ya kutosha mtu kukaa ndani. Lakini inayoruka juu ya Kampala katika filamu ya Kapteni Alex imechorwa kwenye kompyuta, ile iliyoungwa kwa vipande, katika nyumba ambayo umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa kishindo kinachoua mashine. Ukiitazama utaona haijifichi. Inaelea kama kitu kilichobandikwa, moto unatoka kwenye maghorofa nao kama uliobandikwa, na mtazamaji anajua kabisa kwamba ameundiwa. Hata hivyo hawezi kuondoa macho. Kwa nini? Kwa sababu kila picha inamwonyesha mtu aliyekuwa na tatizo na namna alivyolitatua.

Na kuna utundu mwingine ndani yake. Kapteni Alex anakufa mapema, na filamu inakwisha bila kusema aliyemuua ni nani! Jina la filamu ni swali, na jibu hakuna.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakiona kazi yenye alama za mkono husema, "Masikini, wamejitahidi." Neno hilo la kujitahidi tunampa mtoto aliyepata alama hamsini. Nabwana anajua kupanga mapigano, anajua akate picha wapi ili ngumi ionekane imefika, anajua lini mtazamaji acheke na lini ashtuke. Huo ni ujuzi. Uhaba wa fedha uliamua ni vifaa gani atumie, lakini filamu ilitoka kichwani mwake.

Nani mwingine aliyetengeneza filamu kwa mbao, rangi na hila? Mfaransa Georges Méliès. Mwaka 1902 alionyesha safari ya kwenda mwezini, na mwezi wake ulikuwa na uso wa mtu, roketi ikauchoma jichoni. Mandhari zilichorwa kwa brashi. Baadhi ya nakala zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Leo wanafunzi wa filamu dunia nzima hufundishwa habari zake, na hakuna anayesema alijitahidi tu.

Hata kwetu Butiama tunao mfano wa kazi ya mkono ambayo watu huipita bila kuitazama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa pale mwaka 1922, tunamjua kama Rais na Baba wa Taifa. Lakini mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa na yeye akiwa Ikulu, tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa kwa Kiswahili. Kisha alifanya jambo ambalo fundi yeyote atalitambua: aliirudia. Mwaka 1969 ikatoka upya, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi alikaa chini kupima mistari yake upya, neno kwa neno, kama seremala anayepiga randa ubao aliokwisha kuuza. Ukipita Mwitongo kwenye makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mkumbuke na huyo Nyerere wa kalamu.

Basi, kazi tumeitazama. Turudi kwenye yale matatu. La kwanza ni jina.

Wale waliopitia vibanda umiza watakumbuka. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, joto, televisheni moja mbele na spika linalotetemesha bati. Filamu ni ya Marekani, ya China au ya India, lakini sauti inayoongea ni ya Kiswahili. Anayefasiri anawapa majina wahusika, anatia utani, anamsema jambazi kama anamsema jirani. Lufufu alikuwa mmoja wao, na DJ Mack. Kenya wanaye DJ Afro. Watu walikuwa wakiuliza kabla ya kulipa kiingilio: "Hii katafsiri nani?" Tazameni hapo: mtazamaji alimjua msanii kwa jina, na jina ndilo lililouza.

Uganda watu wa namna hiyo wanaitwa VJ. Filamu ya Kapteni Alex inayojulikana duniani ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho, anachombeza, anawachokoza wahusika, anamsifu Nabwana, anatangaza kwamba mapigano yanakuja. Wageni wa Ulaya na Marekani walidhani ni kichekesho kilichobuniwa kwa ajili yao. Mtu wa Musoma aliyekulia kwenye kibanda umiza angewaambia kuwa ni sanaa ya siku nyingi, yenye wababe wake.

Jina lina nguvu kuliko tunavyodhani. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa nchi yetu, alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Mtindo ukabaki na jina lake. Mwaka 2010 ilipotoka katuni ya televisheni ya watoto yenye wanyama wa rangi kali na madoa, kazi iliyotengenezwa Nairobi, iliitwa Tinga Tinga Tales. Mtoto wa Uingereza asiyejua Tunduru iko wapi analitamka jina la mtu wa Tunduru. Sasa je, wachoraji wangapi wa mitumbwi ya Mwigobero tunawajua kwa majina?

Hilo ni la kwanza: jina. La pili ni malipo, na hapa tusioneane haya.

Kule Wakaliga waigizaji walikuwa hawalipwi siku ya kupiga picha, kwa sababu fedha hazipo. Utaratibu wao ulikuwa huu: filamu ikikamilika, DVD zinachomwa, na waigizaji wenyewe wanaingia mitaani kuuza nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu. Mauzo yanagawanywa, nusu inabaki kwa muuzaji. Na ilibidi wauze upesi, ndani ya siku chache, kwa sababu baada ya hapo nakala za wizi zinakuwa zimejaa mtaani na hakuna atakayenunua ya halali.

Hayo tunayajua. Nani hajawahi kwenda kwenye kibanda cha simu, akatoa flashi au memori kadi, akasema, "Nijazie nyimbo"? Mwenye kompyuta analipwa. Mwenye kibanda analipwa kodi. Umeme unalipwa. Aliyeimba hapati kitu. Sheria ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndiyo yenye kuisimamia. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inampa hata haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake. Kwa hiyo yale mawili ya kwanza tunayoyasema jioni hii, jina na malipo, yameandikwa kisheria. Hayahitaji huruma ya mtu.

Mfano mdogo wa hapa nyumbani. Kamati ya harusi inakaa. Ukumbi unalipiwa, mapambo yanalipiwa, keki inalipiwa, mpiga picha anapewa malipo ya awali. Ikifika zamu ya ngoma ya asili, mjumbe mmoja anasema, "Hao wazee tutawapa soda na nauli." Je, wale wazee hawana vyombo vya kutunza? Litungu la Wakurya, lile kubwa lenye nyuzi 8 na sauti nzito inayoingia kifuani, linataka mti wa kuchonga, ngozi ya kuwamba, nyuzi za kubadilisha, na miaka ya kujifunza. Soda hainunui ngozi.

Watu wakiamua kulipa, mambo hubadilika. Mwaka 2015 Wakaliwood waliomba michango mtandaoni kwa ajili ya filamu mpya. Waliomba dola 160. Wakapata zaidi ya dola 13,000, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kufika Kampala. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis wa New York, alikuwa amekwisha kuona kionjo cha filamu, akapanda ndege mwaka 2011 kwenda kumtafuta Nabwana, na baadaye akahamia kabisa Wakaliga akawa mwigizaji na mshirika. Filamu yao ya Bad Black ikashinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016. Crazy World ikaonyeshwa Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 wakaalikwa Kassel, Ujerumani, kwenye Documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa duniani. Wale waliosemwa kuwa wamejitahidi, sasa kazi yao ilikuwa imewekwa mahali wanapowekwa wasanii.

Lakini ngoja kidogo, msikilizaji. Ni lazima msanii wetu athaminiwe kwanza na Texas na Toronto? Majirani wa Nabwana walinunua DVD zake miaka ya mwanzo, kabla dunia haijamjua. Fedha zao ndogo ndizo zilizomwezesha kutengeneza ya pili na ya tatu. Heshima ya kwanza ilitoka mlango wa jirani.

Jina, malipo. Sasa la tatu: hifadhi. Hili ndilo tunalolisahau kabisa.

Filamu ile ya Kapteni Alex, unajua nakala mama yake iko wapi? Haipo. Nabwana alikuwa na nafasi ndogo kwenye kompyuta. Alipotaka kutengeneza filamu nyingine, alifuta ile iliyokwisha ili apate mahali pa kuweka mpya. Kilichosalia ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Filamu iliyotazamwa mtandaoni mara mamilioni imeponea kwenye kisahani. Kingekwaruzwa tu, basi.

Na yule Méliès? Alifilisika. Mwaka 1923, kwa uchungu, alizichoma moto nakala mama za filamu zake mwenyewe. Zilikuwa mamia. Akaishia kuuza peremende na vitu vya kuchezea watoto kwenye kituo cha treni cha Montparnasse, Paris. Baadaye ndipo watu wakakumbuka yeye ni nani, na mwaka 1931 serikali ya Ufaransa ikampa nishani. Nishani ilikuja, filamu nyingi zilikwisha kuwa majivu.

Turudi nyumbani, mkoani Mara. Nyimbo za jando za vijiji vyetu, hadithi za Wazanaki, za Wajita, za Waikizu, mapigo ya litungu, ziko wapi? Ziko vichwani mwa wazee. Kichwa cha mzee hakina nakala ya pili. Kuna hatua zinazochukuliwa kwa upande wa maandishi: ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Jina la mtu wa Butiama linawavuta vijana kuandika kwa Kiswahili, na washindi wanachapishiwa vitabu. Hapo jina lipo, malipo yapo, hifadhi ipo. Mpiga litungu naye anahitaji mtu wa kumfanyia hivyohivyo, na mtu huyo hangojewi kutoka Dodoma.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tufupishe. Kazi ya msanii tuitazame kwanza, tuone mkono ulioifanya. Kisha jina tulitaje. Malipo tumpe. Kazi yenyewe tuihifadhi.

Na ili mazungumzo haya yasiishie redioni, hii hapa kazi ya wiki hii. Kama uko kwenye kamati ya harusi, andika wapiga ngoma kwenye bajeti, na uwape nusu ya fedha mapema kama unavyompa mpiga picha. Kama una kibanda cha kujaza nyimbo, andika jina la mwimbaji kwenye kila faili. Kama nyumbani kwenu kuna babu anayepiga, bibi anayesimulia, au shangazi anayesuka vikapu huku anaimba, chukua simu yako. Mwombe ruhusa. Kabla hajaanza, sema wewe mwanzoni mwa rekodi: jina lake kamili, kijiji, tarehe ya leo, na jina la anachokipiga au kukisimulia. Usirekodi kipande, rekodi hadi mwisho. Halafu weka nakala sehemu mbili, simu yako na ya mtu mwingine, kwa sababu simu huibwa na nyingine huanguka ziwani. Na kama amekuambia usiiweke mtandaoni, usiiweke.

Wiki ijayo, muda kama huu, tutazungumzia bei: msanii wa kijijini atajuaje adai kiasi gani? Wenye maoni yatayarisheni.